Nyumba Iliyofungwa Vizuri

Tangu walipohama mji wa Beni, Mathe alikuwa na haja moja tu duniani: binti yake alale. Mengine yote, biashara iliyovunjika, mashamba yaliyorudi kuwa pori, ndugu waliotawanyika, aliyaona ni mambo ya kusubiri. Bénite alikuwa msichana wa miaka kumi na saba, na kila jua lilipozama alivaa viatu vyake, akavifunga kamba, akapanda kitandani na kukaa ameegemea ukuta. Asubuhi mama yake, Berthe, alimkuta vilevile alivyomwacha, mikono juu ya magoti, macho mekundu, kama abiria aliyeambiwa gari linakuja.

Hawakumwuliza sababu, kwa kuwa sababu waliijua wote. Huko Beni walikaa upande wa Boikene, mahali nyumba zinapokwisha na mashamba ya kakao yanapoanza. Mathe alikuwa ananunua kakao kwa wakulima wa Mangina na kuianika uani kwake. Jioni moja, yeye na Berthe wakiwa matangani mjini, wauaji walitoka mashambani na kupita nyumba kwa nyumba. Mumbere, mtoto wao wa kwanza, alikufa akiusukuma mlango kwa bega ili wasiingie. Bénite aliruka dirisha la nyuma akakimbia. Wazazi waliporudi walimkuta mmoja amelala kizingitini na mwingine hayupo, na hawakumwona Bénite mpaka kulipokucha. Alivyookoka hakusimulia, nao hawakuwa na moyo wa kumlazimisha.

Kilichobaki kichwani mwa Mathe ni ule mlango. Ulikuwa wa mbao nyepesi, wenye komeo moja, na kila mwaka alikuwa akisema atauondoa aweke wa chuma. Aliuona usingizini, akauona hata kanisani wakati wa mahubiri. Ungalikuwa wa chuma, alijiambia, Mumbere angalikuwa anakula ugali mezani. Wazo hilo lilimla ndani kwa ndani, lakini pia lilimpa kazi, na bila kazi hiyo pengine asingeweza kuamka.

Mjini Butembo, walikohamia, walipata nyumba ya matofali ya kuchoma, juu ya kilima, kwenye barabara ndogo ya udongo mwekundu isiyopitika magari wakati wa mvua. Mathe alianza upya kwa kuuza maharagwe sokoni. Jirani yao wa kwanza kuwapigia hodi alikuwa Sikuli, fundi mwashi, mtu mrefu mwenye sauti nzito aliyeimba besi katika kwaya ya parokia. Alikuja na mkewe Kavugho na watoto wao wadogo, wamebeba viazi na mafungu ya vitunguu, akawaonyesha chemchemi yenye maji safi na njia ya mkato ya kwenda sokoni. Kati ya viwanja viwili kulikuwa na ua wa miti tu, na katikati ya ua pengo ambalo watoto wake walipita wakitaka, mchana kutwa, kana kwamba nyumba zote mbili ni zao.

Siku hiyohiyo Sikuli alitoa filimbi ya plastiki mfukoni, akampa Mathe.

“Papa Bénite, hapa kwetu mutu akipiga filimbi, siye tunatokaka,” alimwambia. “Zamani tulikuwa tunatoka bote, na masufuria, na kelele. Sasa benye kutoka banapunguka. Mais mimi niko.”

Walipunguka kwa sababu jioni moja, mwaka uliotangulia, mtu aliyetoka na sufuria yake alipigwa risasi kutoka gizani, na hata leo haijulikani ilikuwa bunduki ya mwizi au ya askari. Baada ya hapo watu wa mtaa waliposikia filimbi walizima taa na kukaa chini sakafuni. Mathe aliipokea filimbi, akashukuru kwa adabu, akaitia kwenye droo. Hakuwa na imani na kitu kinachohitaji watu watoke.

Alianza na mlango. Fundi wa kuchomelea alimtengenezea wa chuma, wenye makomeo juu na chini. Kisha ikawa madirisha: kila dirisha likawekewa antivol, vile vyuma vilivyosukwa ambavyo mkono wa mtoto haupiti. Kisha akaondoa ua wa miti, akataka ukuta mrefu kuzunguka kiwanja chote, na portail, yaani geti la chuma, mbele. Kazi ya ukuta alimpa Sikuli, kwani hakukuwa na fundi bora kuliko yeye kwenye kilima kile.

Sikuli alijenga vizuri. Alipofika kwenye lile pengo la watoto alisimama na mwiko wake mkononi, akauliza kama aache nafasi ya mlango mdogo. Mathe akasema hapana. Sikuli hakubishana. Alipanga matofali mpaka juu, na juu kabisa, kwa agizo la Mathe, akapandisha vipande vya chupa ndani ya saruji, ncha zikitazama mbinguni. Watoto wake walisimama upande wao wakimtazama baba yao anavyopotea, kwanza miguu, kisha kifua, kisha kofia.

Berthe hakuupenda ukuta. Alimwambia mumewe kwamba wamejichimbia kisima na kushuka ndani. Mathe alimjibu kwa upole kwamba akimwona Bénite amevua viatu, ukuta atauvunja kwa mikono yake. Na Bénite hakuvua. Ukuta ulimpa kitu kipya cha kusikiliza: kila paka aliyeruka, kila jiwe lililoanguka upande wa pili, sasa halikuwa na sura.

Ndipo Mathe akafikiri juu ya alamu za wezi. Aliziona kwanza kwenye duka moja la katikati ya mji, katikati ya redio, betri na paneli za jua. Mwenye duka alikuwa kijana aliyevaa shati jeupe, jina lake Zorobabel, aliyependa kueleza vitu vyake kuliko kuviuza. Mathe alirudi mara kadhaa kabla ya kuamua, na mara ya mwisho akamchukua Bénite. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa msichana kushuka mjini tangu wahamie. Alitembea nyuma ya baba yake amemshika koti.

Zorobabel aliwapangia vyombo juu ya meza. Hizi hapa, alisema, ni sumaku mbili. Moja inakaa kwenye mlango, moja kwenye fremu, zikiachana tu king'ora kinalia. Hili ni jicho, linahisi mwili wa mtu ukipita mbele yake, hata gizani. Hiki kinagundua mtikisiko, kinafungwa kwenye portail; mtu akiigonga kwa nguvu au akiipanda, kinajua. Na king'ora chenyewe kinakwenda na taa kali inayowaka papo hapo, na betri inayokula jua, ili umeme ukikatika kisinyamaze. Kulikuwa na aina nyingine yenye laini ya simu, inayowapigia watu unaowachagua. Mathe aliikataa ile. Mtandao wa kilimani kwao ulikuja na kuondoka kama ulivyotaka, na zaidi ya hayo, alisema, hakutaka usalama wa mtoto wake utegemee kama mtu fulani ana chaji.

Bénite alikigusa king'ora, chombo chekundu chenye mdomo kama wa tarumbeta, akauliza:

“Ikilia, nani atakuya?”

Zorobabel alitabasamu, maana swali hilo alilizoea. “Hapana kungojea mutu, mama. Mwizi akisikia hii sauti, anakimbia ye mwenyewe.”

“Donc hapana lazima ya mutu,” Mathe akasema.

“Hapana lazima.”

Bénite aliondoa mkono. Mathe alidhani ameridhika.

Walifunga chombo wiki ileile: sumaku kwenye milango, jicho sebuleni, kile cha mtikisiko kwenye portail, king'ora chini ya mabati. Mara ya kwanza kililia kwa sababu ya upepo. Kelele yake iliukata mtaa katikati kama msumeno, mbwa wakajibu hadi ng'ambo ya bonde, na kabla Mathe hajakizima Sikuli alikuwa tayari amesimama nje ya portail, tochi mkono mmoja, nyundo mkono mwingine, vifungo vya shati havijafungwa. Mathe alimwomba radhi. Mara ya pili ilikuwa mbuzi aliyejikuna kwenye portail, na Sikuli akaja tena. Mara iliyofuata alikuja pia, amechoka, saruji imekauka kwenye nywele zake, na safari hii Mathe aliona aibu kweli. Alimshika bega akamwambia asijisumbue tena. Chombo kinajitosha, akisikia kinalia abaki kitandani mwake. Sikuli alimtazama kidogo kana kwamba anatafuta maana nyingine ya maneno hayo. Kisha akasema sawa, akarudi kwake kwa kuzunguka ukuta.

Lakini jambo moja lilitokea ambalo Mathe alilisubiri kwa muda mrefu. Asubuhi moja Berthe alimvuta kwa mkono hadi chumbani kwa Bénite, akafungua mlango pole. Msichana alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, na viatu vilikuwa chini ya kitanda. Berthe alilia kwa kuziba mdomo na kitenge. Toka siku hiyo Bénite alilala, si kila usiku, lakini alilala. Alianza kupika. Alianza kwenda kwa Kavugho kumsaidia kuosha watoto, na akirudi alikuwa na hadithi ndogo za utundu wao. Mathe alipita uani akiugusa ukuta kwa kiganja, akiushukuru moyoni kama mtu anavyoshukuru ng'ombe wake.

Ilikuwa msimu wa mvua, jioni, saa ya kula. Walikuwa mezani waliposikia filimbi. Ilitoka upande wa chini wa barabara, kwa mfanyabiashara mmoja mwenye duka la vitenge, ambaye watu walisema alishusha mzigo siku ile. Ililia kwa nguvu, ikakatika, ikaanza tena. Mathe alizima taa. Nyumba zote za kilima zilizima taa, moja baada ya nyingine, mpaka mtaa ukawa kama haupo. Kisha wakasikia mlango wa jirani ukifunguka na sauti nzito ya Sikuli ikiuliza gizani ni kwa nani. Hakuna aliyemjibu. Walisikia hatua zake zikishuka kwenye udongo, peke yake.

Muda haukuwa mrefu. Kulikuwa na mlio wa bunduki, watu wakikimbia, viatu vizito. Kisha kishindo mbele ya nyumba ya Sikuli, mtu akigonga mlango, na mara akauacha. Halafu mikono ikatua kwenye portail ya Mathe.

“Papa Bénite, fungula. Ni mimi, Sikuli. Fungula.”

Maneno hayo Mathe aliyasikia yote, kabla ya king'ora kuanza. Chombo kilifanya kazi kama kilivyofundishwa: kilihisi mtikisiko, kikapiga yowe, taa kali ikawaka na uwanja wote ukawa mweupe. Kupitia antivol Mathe aliona portail ikitetemeka. Ufunguo ulikuwa mkononi mwake. Hakukumbuka ameuchukua saa ngapi. Kutoka mlangoni hadi portail ni mwendo mdogo, angeweza kufika na kurudi. Alifikiria hilo. Alifikiria pia komeo la juu, komeo la chini, kufuli ya portail, na watu wenye bunduki wanaopanda barabara, na chumba cha nyuma ambako Berthe alikuwa amekwenda kulala sakafuni.

Bénite alikuwa amesimama pembeni yake. Alilazimika kumsogelea sikio ili sauti yake ishinde king'ora.

“Papa, anakuita. Fungula.”

Mathe aliukaza mkono kwenye ufunguo. Portail ikatulia, na sasa Sikuli alikuwa anajaribu ukuta. Vidole vyake vilitokea juu, kati ya vipande vya chupa alivyovipanda mwenyewe, vikashika, vikaachia, vikashika tena mahali pengine. Mtu aliyejua kila tofali la ukuta ule alijua hakuna mahali pa kushika. Bénite alimpokonya baba yake ufunguo, naye Mathe akaurudisha kwa nguvu, akamsukuma, msichana akaanguka juu ya kiti. Hakuwahi kumpiga maishani. Milio ya risasi, katikati ya kelele ile, ilisikika midogo, kama mtu anayevunja vijiti. Vidole vikaondoka.

King'ora kiliendelea kulia. Wezi walikimbia, kama Zorobabel alivyosema. Nyumba ya Mathe haikuguswa, na hakuna mtu aliyekizima chombo mpaka kilipoamua chenyewe kunyamaza.

Walimzika Sikuli siku ya mvua. Kwaya iliimba bila besi, na kila aliyekuwa pale alisikia shimo lililobaki ndani ya wimbo. Mathe alisimama nyuma. Watu walimsalimia, wakampa mkono, lakini mkono haukukaa. Hakuna aliyemtukana. Wangemtukanaje, na wote walikuwa na taa zao walizozizima? Mkuu wa barabara, kiongozi wa mtaa wao, alisema kaburini kwamba Mungu amempenda Sikuli zaidi, watu wakaitika, wakaondoka kila mtu kwa njia yake, mapema, ili jioni isiwakute nje.

Bénite alivaa viatu tena. Safari hii hakukaa kitandani. Alikaa sebuleni, kwenye kile kiti, akitazama mlango. Hakula na baba yake. Hakukasirika, hakulia, alimpa maji ya kunawa kama kawaida na kumwita papa kama kawaida, na Mathe aliona kwamba angependa kupigwa kuliko hivyo. Mwishoni ni yeye aliyeshindwa kuvumilia. Alimwomba aseme.

Basi Bénite alisimulia yale aliyokuwa ameyaweka tangu Beni. Alisimulia polepole, akitazama mikono yake.

“Ile siku nilipiga ku milango mingi, papa. Batu balikuwa ndani, nilisikia banapumua. Nilikuwa naita majina yabo. Mama Hulda peke yake njo alifungula. Alikuwa na batoto badogo mu nyumba, na bauaji banafukuza mutu mpaka ku mulango wake, na alifungula.”

Mathe akasema kile alichokuwa amejiambia kila saa tangu jioni ile.

“Ningefungula, bangeingia. Ningekupoteza na weye.”

“Najua, papa.”

“Unajua?”

“Najua. Mais siweze kulala humu.”

Aliondoka baada ya siku chache, kwa lori la mizigo lililokuwa linapanda Beni, ambako barabara ina wanajeshi na ina wauaji na hakuna ajuaye ni siku gani watakutana na nani. Alisema anakwenda kukaa na Mama Hulda. Berthe alimsihi, akamshika kitenge mbele ya watu, akamkumbusha kaka yake. Mathe hakumsihi. Alimpakia begi lake, akamwuliza kama ana koti, akasimama kando ya barabara mpaka lori lilipopita kona na mlio wake kupotea. Kurudi nyumbani alifunga portail, akafunga mlango, komeo la juu, komeo la chini, na akabaki ameushika mlango kwa kiganja, asijue anamfungia nani.

Berthe alianza kulala chumbani kwa Bénite. Walizungumza mambo ya chumvi na maharagwe tu.

Kavugho alikuja kabla siku za matanga hazijaisha. Mathe alimfungulia mwenyewe, akijiandaa kwa lolote, na alitamani liwe baya. Mjane alikuwa amefunga kichwa kitambaa cheupe, na mtoto mdogo mgongoni. Alikataa kiti. Alisema hana muda, aliwaacha wengine peke yao nyumbani.

“Papa Bénite, ile alarme yako, ulinunua wapi?”

Mathe alidhani hakusikia vizuri. Kavugho akarudia. Alisema tangu jioni ile watoto hawalali. Mkubwa anakaa na panga mlangoni. Ndugu zake wako machimboni Manguredjipa na haijulikani watarudi lini. Nyumba yake ina mlango wa mbao. Mume wake, alisema, alikuwa fundi wa kuta za watu, wa kwao hakuujenga.

Mathe alitaka kusema kuhusu jioni ile. Alianza sentensi, akapotea ndani yake. Kavugho alimkatiza, si kwa hasira.

“Nasikia batu banasema juu yako. Mimi siseme kitu. Sikuli alirudi kwanza kwetu. Alipiga ku mulango, aliniita kwa jina. Batoto balikuwa nyuma yangu. Sikufungula. Njo akakimbilia kwako.”

Aliyasema kwa sauti kavu, kama mtu anayetaja bei, kisha akamtikisa mtoto mgongoni ingawa mtoto hakuwa analia. Mathe aliushika ukuta. Alikuwa akiomba kila siku apatikane mtu mwingine wa kubeba naye ule mzigo, na sasa alipatikana, na mzigo ulikuwa vilevile. Haukupungua hata kidogo.

Walishuka mjini pamoja kesho yake. Zorobabel alikuwa na shati lilelile jeupe. Alieleza tena sumaku, jicho, mtikisiko, na Mathe alijikuta akimsaidia kueleza: jicho lisitazame dirisha, kwa sababu ya jua, betri iwekwe juu, maji yasiifikie. Alizungumza vizuri, kama mtu anayejua kazi. Kavugho alisikiliza yote, akachagua ile yenye laini ya simu. Alisema sauti peke yake haimsaidii; kila mtu wa kilima anajua afanye nini akisikia sauti.

Zorobabel akachukua kalamu, akauliza chombo kimpigie nani.

Kavugho alifikiri. Alitaja kaka yake, akajirudi. Machimboni hakuna mtandao. Alitaja padri, akatikisa kichwa. Mathe alitazama redio zilizopangwa ukutani, moja juu ya nyingine, zote zimezimwa.

“Andika namba ya papa Bénite,” Kavugho akasema. “Njo ye jirani.”

Zorobabel alimgeukia Mathe, akingoja. Ingewezekana kukataa hapo. Ingewezekana kusema mtandao wa kilimani unapotea, kama alivyosema zamani, na ilikuwa kweli. Mathe alitaja namba yake, tarakimu baada ya tarakimu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Kavugho alimshukuru kwa Kinande, wasingya, akafungua kitenge na kumpandisha mtoto vizuri mgongoni.

Simu ilimjia kabla mwezi haujaisha. Ilikuwa magharibi, mwanga bado upo kidogo, Berthe anapepeta maharagwe kwenye ungo. Mathe alitoa simu mfukoni, akaona namba ya chombo cha jirani. Upande wa pili wa ukuta king'ora cha Kavugho kilikuwa kimeanza, chembamba kuliko chake. Taa za kilima zikaanza kuzimika.

Alisimama mara moja. Alichukua ufunguo. Alifungua komeo la juu, akafungua komeo la chini, na Berthe akaacha kupepeta akamtazama, bila kumwita, bila kumzuia. Simu iliendelea kuita mkononi mwake. Alishika kitasa cha mlango, baridi ya chuma ikampanda mpaka kwenye kiwiko, akasubiri miguu iende. Alijua kila kitu: kwamba ni mwanamke na watoto, kwamba ni mwendo mdogo, kwamba safari hii hakuna binti ndani wa kumlinda. Miguu haikwenda. Alisimama vile mpaka simu ikanyamaza, na king'ora nacho kikanyamaza, na giza likaingia kabisa. Kisha akarudisha komeo la chini, akarudisha la juu. Berthe akaanza tena kupepeta.

Asubuhi alisikia watoto wa Kavugho wakicheka upande wao, wakimfukuza kuku aliyekuwa amepita mbele ya jicho na kusababisha kelele zote zile. Mathe alitoka kwenda sokoni. Kavugho alikuwa anafagia mbele ya nyumba yake. Aliinua uso, akamwamkia kama siku zote, akamwuliza hali ya Berthe, na kama kuna habari za Bénite huko Beni. Mathe akajibu kwamba Berthe ni mzima, na kwamba Bénite hajapiga simu. Kavugho akasema Mungu yupo, akaendelea kufagia. Hakumwuliza kama simu ilimfikia.